Usaili wa Viza ya Mwenzi: Kazi Huanzia Parokiani

Baadhi ya kamati za parokia za Tarime na Serengeti zimetuuliza swali ambalo zamani lilikuwa nadra. Muumini ameoana na mgeni, mwenzake amerudi kwao ng'ambo, naye sasa ameitwa ubalozini kuhojiwa. Kamati imsaidieje?

Kwanza tuelewe afisa wa viza anatafuta nini. Anataka kuridhika kwamba ndoa ni halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa, na kwamba haikufungwa kwa ajili ya kupata viza tu. Ndiyo maana maswali yake huonekana mepesi: mlikutana wapi, nani walihudhuria harusi, mwenzako anafanya kazi gani, amewahi kufika kwenu, je, mmoja wenu aliwahi kuwa na ndoa nyingine? Hakuna majibu ya kukariri hapo. Wanaouza majibu wanauza hewa.

Kwetu Mara shida kubwa si maswali bali karatasi. Familia nyingi za Wakurya huhesabu ndoa tangu ng'ombe wa mahari walipofika kwa wazazi wa binti. Kanisani wawili hao huenda wakafika miaka kadhaa baadaye. Basi fomu inabeba mwaka wa cheti cha kanisa, na mdomoni mke anataja mwaka wa ng'ombe. Afisa asiyeijua mila huona uongo pale ambapo hakuna uongo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila, na kukosa usajili peke yake hakuifanyi ndoa kuwa batili. Tarehe zote mbili ni za kweli. Ziandikwe zote mbili na zielezwe tangu mwanzo. Hata hivyo ubalozi huhitaji cheti, kwa hiyo ndoa ya kimila ipelekwe kusajiliwa katika ofisi ya wilaya, Tarime au Mugumu, mapema, si wiki ya safari.

Jambo la pili ni majina. Bhoke wa kitambulisho cha taifa ni Boke katika daftari la ubatizo. Ghati wa cheti cha kuzaliwa ni Gati kwenye pasipoti. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Mgeni anasoma watu wawili. Hapa katibu wa parokia ana kazi kubwa kuliko anavyodhani, kwani herufi moja aliyoiandika miaka ishirini iliyopita inaweza kudai hati ya kiapo mbele ya wakili leo.

La tatu ni gumu zaidi, na tusilikwepe. Ndoa ya awali, hata ya kimila, ikiwa haijavunjwa kisheria, huzuia viza. Wapo pia wanawake waliowahi kuolewa katika nyumba ntobhu, mila ambayo mama hutoa mahari na kumwoa mwanamke ili apate uzao. Sheria ya 1971 inataja ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke, hivyo nyumba ntobhu si ndoa mbele yake. Lakini watoto wapo, na vyeti vyao vya kuzaliwa mara nyingine havina jina la baba. Mama akitaka kusafiri nao ataulizwa nani mwenye haki ya malezi. Kumficha mtoto ili kurahisisha mahojiano ni kosa litakalomfuata, maana baadaye anaweza kushindwa kumwombea.

Masharti hutofautiana kwa nchi. Ujerumani kwa kawaida humtaka mwenzi awe na Kijerumani cha ngazi ya kwanza kabla ya viza. Uingereza, tangu Aprili 2024, humtaka mwenyeji awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, ingawa iko misamaha. Kwa Marekani, mwenzi aliye kule ndiye huanza kuomba, kisha hufuata fomu, uchunguzi wa afya na usaili. Ila Desemba 2025 Rais wa Marekani alitoa amri ya kusimamisha viza za uhamiaji kwa raia wa Tanzania kuanzia 1 Januari 2026. Mwenye ombi la huko aulize kwanza ubalozini amri hiyo imefikia wapi, kabla familia haijauza ng'ombe kulipa ada ambayo kwa kawaida hairudishwi.

Safari ya Dar es Salaam kupitia Mwanza ni ndefu na ghali, na mtu anayerudishwa kwa sababu ya karatasi moja huianza upya kwa gharama yake. Kwa hiyo tunaomba kamati zifanye ukaguzi nyumbani. Wekeni mezani cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, pasipoti na cheti cha ubatizo, msome majina na tarehe kwa sauti, mtu mmoja akiandika kila tofauti. Barua ya paroko au mchungaji iseme anachokijua yeye mwenyewe: aliwafungisha ndoa lini, amewaona pamoja wapi. Ikiwa hamfahamu huyo mume au mke mgeni, asiandike kwamba anamfahamu.