Nguvu Moja, Maana Tatu

Tangu muhula uliopita nafundisha fizikia ya utangulizi katika chuo kimoja cha kati, jioni tatu kwa wiki. Ni kibarua tu, nalipwa kwa kipindi, na nilikiomba kwa sababu hela ya kula ilikuwa imekata. Nilijua ni kazi nyepesi. Sheria tatu za Newton nilizikariri tangu sekondari, kuna nini tena hapo?

Wiki ya pili nikaandika swali ubaoni. Daladala inakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo hauongezeki wala haupungui, barabara ni tambarare na imenyooka. Injini inaipeleka mbele, upepo na msuguano vinairudisha nyuma. Upande upi una nguvu kubwa?

Darasa zima: mbele! Nikasema hapana, pande mbili zinalingana, ndivyo sheria ya kwanza inavyotaka. Nikaanza kufuta ubao. Nyuma akanyoosha mkono mwanafunzi mmoja aliyefanya kazi gereji miaka mingi, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi.

"Samahani mwalimu. Kama zinalingana, gari si lisimame?"

Kusema kweli nilikwama. Fomula nilikuwa nayo, jibu sikuwa nalo. Nikamwambia, "Swali zuri kaka, tutalirudia Alhamisi." Mbinu hiyo wote tunaijua, tumefanyiwa sana. Usiku ule hosteli niligundua jambo la aibu: moyoni nilikuwa naamini kama yeye. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilishajifunza kutoliandika kwenye mtihani.

Nilipochimba zaidi nikaona kwamba chanzo kimojawapo ni neno lenyewe, nguvu. Kwa Kiswahili cha kila siku mtu ana nguvu, injini ina nguvu, dawa ina nguvu, uji unatia nguvu. Neno hilo linatupa picha ya kitu kilichomo ndani ya mwenye nacho, na kinachopungua kadiri kinavyotumika. Ukiwa na picha hiyo kichwani, daladala inayokwenda lazima iwe na nguvu, na nguvu ikiisha lazima isimame. Wala si ujinga wa darasa langu. Aristotle naye alifundisha kwamba kitu hakiendelei kusogea bila kusukumwa, na ilichukua takribani miaka 2000 mpaka Galileo na wenzake wakalivunja wazo hilo. Newton alichapisha sheria zake mwaka 1687.

Fizikia inachukua mzigo wa neno hilo moja na kuugawa mara tatu.

Kwanza ni kani. Huu ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja kinakipa kingine, na kipimo chake ni nyutoni. Kani haikai ndani ya kitu. Ukimrushia mwenzako mpira, kani ya mkono wako inakoma pale pale mpira unapoachana na vidole.

Pili ni nishati, uwezo wa kufanya kazi, unaopimwa kwa jouli. Hii ndiyo inayoweza kuwekwa akiba: kwenye uji, kwenye petroli, kwenye betri ya simu.

Tatu ni kiasi cha nishati kinachotumika kila sekunde, ambacho kipimo chake ni wati. Hapa mita ya LUKU inafundisha vizuri kuliko kitabu. Birika la umeme la wati 2000 likiwaka dakika 6 linakula uniti 0.2. Taa ya wati 10 inakula uniti 0.2 hizohizo, ila inahitaji saa 20. Nishati ni ileile, ulaji wake kwa sekunde ndio tofauti. (Wenye mabirika ya siri hosteli, hamjaonwa.)

Alhamisi nikarudi na daladala yangu. Inapoondoka kituoni, kani ya kuipeleka mbele ni kubwa kuliko za kuirudisha nyuma, kwa hiyo mwendo unaongezeka. Lakini kadiri inavyokimbia, upepo nao unaipinga zaidi. Dereva akiacha mguu palepale, inafika mahali pande mbili zinalingana. Zikilingana, hakuna cha kuongeza mwendo, na hakuna cha kuupunguza pia. Inaendelea kama ilivyo. Ili isimame, lazima kani ya nyuma izidi: dereva afunge breki au aachie mafuta. Yaani kani haihitajiki ili kitu kiendelee kwenda. Inahitajika ili mwendo ubadilike.

Yule kaka alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo maana gari ukikanyaga mafuta mpaka chini, barabara iko wazi, kuna spidi halivuki."

Mfano huo mimi sikuwa nao kwenye maandalizi. Alikuwa nao yeye, miaka yote, gereji.

Sidai kwamba darasa zima lilibadilika siku ile. Kwenye jaribio la mwezi uliofuata wapo walioandika tena kwamba mbele ni kubwa. Imani ya tangu utotoni haiondoki kwa kipindi kimoja. Lakini sasa naandaa kipindi tofauti. Kabla ya fomula nauliza: unadhani nini kitatokea, na kwa nini? Nawaacha wabishane kwa Kiswahili, maana ndicho wanachobishania mpira. Tukishatenganisha maana, ndipo naleta maneno ya Kiingereza watakayokutana nayo kwenye mtihani. Nikianza na Kiingereza wanaandika, wanakariri, na ile picha ya zamani inabaki chini yake haijaguswa. Nawajua hao. Nilikuwa mmoja wao, na nilifaulu.

Wenzangu wa ualimu tunaokaribia mazoezi ya kufundisha, darasa likijibu vibaya kwa sauti moja, tusikimbilie kusema ni wavivu. Kosa linalofanywa na watu arobaini kwa pamoja lina sababu, na inafaa kuitafuta. Na mwanafunzi akikuuliza usilolijua, mwambie Alhamisi. Ila hiyo Alhamisi urudi nalo.