Mabawa ya kuku: mukubwa aonje, lakini sahani isiwe na jina

Batu ba Kakontwe tunapenda mabawa ya kuku na bukari. Kule Buffalo, Marekani, zamani yalikuwa ya kutia mu supu tu. Mwaka 1964, mama Teressa Bellissimo wa Anchor Bar aliyakaanga, akayapaka pilipili. Tangu 2002 mji ule uko na feti ya mabawa, pamoja na mashindano ya wapishi.

Mu mashindano ya namna hii wanaita watu wenye kujulikana wakuwe waamuzi: meya, mtangazaji wa radio, mucheza mpira. Ni vizuri, wanavuta watu. Lakini mama mwenye kushinda anapata wateja, na wateja ndio posho ya watoto. Basi, sahani ziwe na namba, hapana jina. Sisi ba sendika tunachagua wajumbe wetu kwa kura ya siri. Na mapishi ni vilevile.