Vinyozi, Wauza Bima na Wakandarasi

Mwanzoni mwa karne ya 20, saluni iliyotajwa kwa fahari mjini Atlanta ilikuwa namba 66, barabara ya Peachtree. Ilikuwa na marumaru, vioo vikubwa na taa za kioo zilizoning'inia darini. Mwenye mali alikuwa Alonzo Herndon, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa mwaka 1858 huko Georgia. Vinyozi wake walikuwa weusi na wateja wake walikuwa wazungu watupu. Mweusi aliyetaka kunyolewa alikwenda kwingine. Herndon alijua fedha ziko wapi, na alijua pia kwamba siku akimkalisha mweusi mmoja kwenye kiti kile, majaji na wenye benki watachukua kofia zao waondoke.

Fedha ya saluni ndiyo iliyomfikisha kwenye biashara ya pili. Mwaka 1905 sheria mpya ya Georgia ilivitaka vyama vya kusaidiana katika maradhi na mazishi viweke dhamana ya dola 5,000. Wachungaji waliokuwa na chama kimoja kidogo hawakuwa nazo. Herndon akakinunua kwa dola 140, akalipa dhamana, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Atlanta Life. Wateja safari hii walikuwa weusi, maana kampuni kubwa za bima ama ziliwakataa ama ziliwapunja. Prudential ilianza mwaka 1881 kuwalipa fidia ndogo kwa michango ileile, na mwaka 1896 mtakwimu wake Frederick Hoffman akatoa kitabu kizima kueleza kwamba watu hao wanakwisha, hivyo si wa kukatiwa bima. Waswahili husema kufa kufaana. Herndon hakuisikia methali hiyo, lakini aliipigia hesabu.

Kule Durham, North Carolina, John Merrick naye alizaliwa mtumwa, naye alinyoa wazungu wenye tumbaku, na mwaka 1898 akashirikiana na wenzake kuanzisha kampuni ya bima ya North Carolina Mutual. Vinyozi wawili katika miji miwili wakaangukia biashara moja. Kinyozi husikia matajiri wanavyozungumza kuhusu fedha, na aliyeshika wembe hafukuzwi katikati ya mazungumzo.

Nawataja hawa kwanza kwa sababu habari za utajiri wa weusi wa Marekani hutufikia zikiwa zimepambwa: jumba, gari, mkufu, kisha jina la mji kama vile mji wenyewe ndio unaotoa fedha. Husemwa Atlanta wanajionyesha, Washington wana adabu, Los Angeles wana mbwembwe. Pengine ni kweli. Lakini tabia ya fedha hufuata mahali ilipotoka, na katika kila mji weusi walipata fedha kupitia upenyo uliosahauliwa kuzibwa, au uliozibuliwa kwa kura. Tofauti za miji zianzie hapo, nguo za harusi zije baadaye.

Atlanta ilizibua kwa kura. Barabara ya Auburn, ambako Atlanta Life ilikuwa na ofisi zake, iliitwa na jarida la Fortune mwaka 1956 barabara ya weusi yenye utajiri kuliko zote duniani. Sifa hiyo haikuizuia barabara kuu ya magari kupita katikati yake. Wahandisi wa Marekani wa enzi zile walikuwa na kipaji cha kuona mitaa ya weusi kuwa ndiyo njia fupi. Kisha mwaka 1973 akachaguliwa meya wa kwanza mweusi, Maynard Jackson. Wakati huo kampuni za weusi zilikuwa zikipata chini ya asilimia moja ya kandarasi za mji. Kulikuwa na uwanja wa ndege wa kujengwa upya, naye akashikilia kwamba robo ya kazi iende kwa kampuni za watu wa jamii zilizobaguliwa. Wakubwa wa biashara walilalamika. Akawajibu kwamba afadhali majani yaote kwenye njia za kurukia ndege. Jengo lilifunguliwa mwaka 1980, na majani hayakuota.

Katika wimbi hilo walinyanyuka watu kama Herman Russell, fundi lipu aliyekuwa na kampuni yake tangu mwaka 1952, na ambaye hatimaye jina lake lilionekana kwenye majengo mengi ya katikati ya mji. Lipo jambo ambalo wasifiaji wa Atlanta hulipita haraka: utajiri unaotokana na zabuni hukaa karibu na ofisi ya meya. Lazima ujulikane, ualikwe, uchangie kampeni, uonekane kanisani Jumapili na kwenye sherehe za chuo cha Morehouse. Kujionyesha kule kunakosemwa ni sehemu ya kazi. Na mji huohuo, mwaka baada ya mwaka, hutajwa miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani yenye pengo pana zaidi kati ya aliyenacho na asiyenacho.

Chicago haikungoja zabuni. Weusi waliohamia kutoka kusini walikuwa wengi kiasi cha kuwa soko peke yao, wakitaka habari zao na mafuta ya nywele zao. Mwaka 1942 John H. Johnson alikwenda kukopa mtaji wa jarida. Benki ikamwambia haikopeshi weusi. Alipata dola 500 kwingine kwa kuweka rehani samani za mama yake. Miaka mitatu baadaye akatoa Ebony, jarida lililowaonyesha weusi wenye majumba na makoti ya manyoya kwa wasomaji ambao wengi wao hawakuwa na vyote viwili. George Johnson, ambaye si ndugu yake, mwaka 1954 aliomba dola 250 aanze kutengeneza dawa ya nywele za wanaume, akanyimwa. Akaenda tawi jingine la kampuni ileile ya mikopo, akasema anataka kumpeleka mke wake likizo California. Akapewa. Mweusi wa kustarehe alikopesheka. Mweusi wa kuzalisha alikuwa hatari kwa mizania. Mwaka 1971 kampuni yake ya Johnson Products iliingia kwenye Soko la Hisa la Marekani, ya kwanza kumilikiwa na mweusi.

Kisha ubaguzi wa kisheria ukaondolewa, na hapa mambo yanageuka kwa namna isiyopendeza kuandikwa. Kampuni zilizowadharau weusi ziligundua kwamba nao hulipa kwa wakati. Prudential ikawataka. Watengenezaji wakubwa wa vipodozi wakawataka, na mwaka 1998 L'Oréal ikainunua Soft Sheen, kampuni nyingine ya nywele ya Chicago. Mwaka 2019 kampuni iliyoanzisha Ebony ilifilisika, na hazina yake ya picha ikanunuliwa na taasisi za hisani kwa dola milioni 30. Soko lililokuwa lao peke yao lilikuwa lao kwa sababu walifungiwa humo. Simlaumu yeyote aliyefurahi kutoka.

Pembeni ya Washington, katika kaunti ya Prince George's, hakuna kiwanda cha mafuta ya nywele wala jumba la meya. Kuna mishahara. Serikali kuu iliajiri weusi wasomi wakati kampuni binafsi zilikuwa bado zinatafuta udhuru, na kwa miaka mingi kaunti hiyo ilitajwa kuwa yenye kipato kikubwa kuliko zote zenye weusi wengi. Maisha ya huko yana utaratibu wa ofisi: umesoma wapi, umo katika chama gani cha wanachuo, watoto wamo Jack and Jill, klabu ya familia za weusi, au hawamo. E. Franklin Frazier, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Howard, aliwakejeli watu wa tabaka hili katika miaka ya 1950 kwa kuishi katika dunia ya kujidanganya, na hawajamsamehe. Alikuwa mkali kupita kiasi, ila alichungulia mahali panapostahili, yaani mshahara si mali. Mali ya huko ni nyumba, na nyumba ilinunuliwa kwa mkopo. Mgogoro wa fedha wa mwaka 2008 ulipofika, familia zenye vyeti na vyeo zilipoteza nyumba, baadhi zikiwa zimeuziwa mikopo ya gharama kubwa kuliko wazungu wenye sifa zilezile. Mwaka 2012 benki ya Wells Fargo ilikubali kulipa dola milioni 175 kumaliza tuhuma za namna hiyo nchini kote, bila kukiri kosa. Mwaka 2025 serikali yenyewe ikaanza kupunguza watumishi kwa maelfu.

Boston nitaipita kwa tarakimu moja. Ripoti iliyotolewa na tawi la Benki Kuu mjini humo mwaka 2015 ilikuta mali halisi ya familia ya kati ya weusi waliozaliwa Marekani ni dola 8. Ya wazungu, dola 247,500. Gazeti la Boston Globe lililazimika kuwahakikishia wasomaji kwamba si kosa la chapa.

Los Angeles ndiko kwenye nyumba za kupendeza macho, na nyingi zilichorwa na Paul Williams, msanifu mweusi aliyejifunza kuchora michoro ikiwa juu chini, ili mteja mzungu aketi ng'ambo ya meza na asilazimike kukaa bega kwa bega naye. Alichora majumba katika mitaa ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuishi. Na huko ndiko kwenye kesi ya ardhi inayozungumzwa zaidi. Mwaka 1912 Willa Bruce alinunua kiwanja cha ufukweni Manhattan Beach kwa dola 1,225, akaanzisha na mumewe Charles mahali pa kuogelea pa weusi. Mwaka 1924 mji ukaamua unahitaji bustani hapohapo, ukawafidia dola 14,500, kisha bustani ikasahauliwa kwa miongo kadhaa. Julai 2022 warithi walirudishiwa ardhi, wakaikodisha kwa kaunti kwa dola 413,000 kwa mwaka. Miezi michache baadaye wakaiuzia kaunti ileile kwa takriban dola milioni 20. Walijitokeza watu wa kuwasikitikia, wakisema ardhi ile ingebaki katika ukoo. Ushauri huo ulikuwa wa bure, na wengi wa waliokuwa nao hawakuwa wakingoja chochote kwa miaka 98.