Sayari Zilizohama Majina

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kibabi, katika vilima vya Masisi, nikamkuta mdogo wangu amenuna. Yuko darasa la sita, na vita vimemkatizia masomo zaidi ya mara moja, kwa hiyo kila alama anaihesabu. Katika jaribio la kujiandaa na mtihani wa taifa aliulizwa sayari iliyo mbali kuliko zote na jua. Akajibu Utaridi. Mwalimu akakata. "Yaya, ile karatasi ni weye ulinitumia," akaniambia.

Kweli ilikuwa yangu. Nilikuwa nimempelekea nakala ya orodha ya sayari kwa Kiswahili, niliyoitoa katika kitabu cha zamani cha shule, nikidhani ninamrahisishia. Darasani kwao sayari hufundishwa kwa Kifaransa, kisha mwalimu hufafanua kwa Kiswahili, na akiona nyuso bado zimekunjamana huingia Kihunde au Kinyarwanda. Orodha yangu ilisema hivi, kuanzia karibu na jua: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Karatasi imetoka kwa mtu wa chuo kikuu. Nani angeitilia shaka?

Sisi wa isimu ndio tulipaswa kuitilia shaka. Watu wa kale walizijua sayari tano kwa macho matupu, na Kiswahili kilipokea majina yake kutoka Kiarabu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Utaridi ndiyo iliyo karibu kabisa na jua, kiasi cha kilomita milioni 58, ile ambayo Kifaransa huiita Mercure. Tatizo ni kwamba neno hilohilo la Kifaransa, kama lile la Kiingereza, ni jina la madini pia: yale ya majimaji ambayo wachimbaji wadogo hukamatia chembe za dhahabu. Madini hayo kwa Kiswahili ni zebaki. Mfasiri aliona neno moja, akachukua maana isiyohusika, na Utaridi ikabaki haina kazi.

Baada ya hapo majina yakaanza kusukumana kama abiria kwenye lori la Walikale. Zohali, jina halali la sayari yenye pete, ilinyang'anywa nafasi na Sarateni, neno linalofanana kwa sauti na jina la Kizungu la sayari hiyo, lakini kwa Kiarabu saratani ni kaa, mojawapo ya nyota za bahati. Zohali ikasogezwa hadi sayari ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1781. Inayofuata, iliyogunduliwa mwaka 1846, ikapewa Kausi, yaani upinde, nyota nyingine ya bahati. Utaridi ikatupwa mwisho kabisa, kwa Pluto, ambayo tangu mwaka 2006 haihesabiwi tena kuwa sayari kamili bali sayari kibete. Hivyo mdogo wangu alichukua sayari ya kwanza akaiweka ya mwisho, na hakukosea kusoma. Alisoma sawasawa kilichoandikwa.

Nilitaka apate kitu cha kushikia, nikaanza na siku za wiki kwa Kifaransa anachokijua: mardi ni siku ya Mirihi, mercredi ya Utaridi, jeudi ya Mshtarii, vendredi ya Zuhura. Somo lao la historia lilikuwa limefika India ya kale, nikamwonyesha kwamba Wahindi nao hufuata mpangilio uleule, Mangal, Budh, Guru, Shukra, kwa kuwa wiki ya sayari iliwafikia kutoka ulimwengu wa Wagiriki na Warumi. Waliongeza Rahu na Ketu, wanaohusishwa na kupatwa kwa jua na mwezi, ikawa jumla tisa pamoja na jua na mwezi wenyewe. Lakini mwaka 499 Aryabhata aliandika kwamba kupatwa ni suala la kivuli, na kwamba dunia ndiyo inayojizungusha. Alikuwa na miaka 23. Mimi nina 24 na tasnifu yangu bado haina sura ya pili.

Nikaendelea: "Kiswahili hakina sayari katika siku, chenyewe kinahesabu tu. Jumatatu..." Akanikatiza: "Siku ya tatu, mercredi." Hapo nilinyamaza kidogo. Pwani huhesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa, ndiyo maana Jumatatu ni lundi. Nyumbani tunahesabu kuanzia siku ya kwanza ya kazi: siku ya kwanza ni lundi, ya tatu ni mercredi, na Jumamosi ni siku ya posho, jina linalokumbuka wafanyakazi waliokuwa wakigawiwa chakula wiki inapokwisha. Kwa miaka yote amekuwa akisikia "Jumatatu" redioni na kuisogeza siku mbili mbele. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, zitumike kufundishia shule ya msingi. Ni jambo jema, ila vitabu tukivileta kutoka Dar es Salaam bila kuvipitia, tutaleta na Jumatatu hii, na Sarateni pia.

Jioni tulitoka nje. Kitabu chake cha Kifaransa kinachora mwezi mwandamo umesimama wima kama herufi C. Kwetu, karibu digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, ulikuwa umelala kama mtumbwi. Alipendelea wetu. Chini yake, upande wa misitu ya Walikale, Zuhura ilikuwa inawaka.

"Na ile iliyopewa jina la Zohali," akauliza, "sasa niiite nini?"

Nikamwambia aandike Uranusi, na ya baada yake Neptuni. Akaichukua karatasi yangu, akakata majina matano kwa kalamu nyekundu, kisha akanirudishia nisahihishe na nakala ya mwalimu.