Adhabu na Fidia

Maneno “adhabu” na “fidia” pengine huchanganywa. Tukio la Meru laonyesha tofauti yake. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri. Kapteni Johannes wa Moshi akaleta jeshi: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa, watu wengi wakauawa, pasipo kubagua aliyeua na asiyeua. Hiyo ni adhabu ya jumla.

Kwa desturi ya Waarusha na Wamasai, wakaao hata Terrat, kusini ya mji wa Arusha, mtu akiua, jamaa zake huchanga mifugo ya fidia. Lakini kwanza mkosaji hujulikana, ndipo deni lake hubebwa. Basi methali “samaki mmoja akioza, wote wameoza” haihalalishi adhabu ya jumla: alipaye kwa ajili ya nduguye hushiriki deni, aadhibiwaye kwa kosa la asiyemjua hudhulumiwa.