Tembo wa Emei mwenye pembe sita

Watalii wengi wanaokwenda mlima Emei, mkoani Sichuan nchini China, huuruka mlima wenyewe. Basi huwapandisha kwa kona kali hadi karibu na kilele, kigari cha waya huwamalizia safari, wanapiga picha mbele ya sanamu ya dhahabu yenye urefu wa meta 48, na jioni wamesharudi Chengdu kwa treni. Kilele hicho kiko meta 3,077 juu ya usawa wa bahari na mandhari yake yanastahili sifa zote yanazopewa. Lakini sanamu ile ilikamilika mwaka 2006 tu. Anayetaka kujua kwa nini Wabudha wanauhesabu Emei miongoni mwa milima yao mitakatifu minne nchini China ateremke hadi Hekalu la Wannian, katikati ya msitu.

Humo, ndani ya jumba la matofali, amesimama tembo wa shaba aliyepakwa rangi nyeupe. Ana pembe sita, tatu kila upande, na kila mguu unakanyaga ua la yungiyungi. Mgongoni ameketi Puxian, mtakatifu ambaye kwa Kisanskriti huitwa Samantabhadra, na ambaye Wabudha wanaamini Emei ndiyo makao yake. Sanamu hii ilisubiwa mwaka 980 na ina uzito wa tani 62 hivi. Sisi tunaotoka nchi za tembo tutaona upesi kwamba fundi hakuwa akinakili mnyama wa porini: macho yake ni mapole mno, na mwili umejaa kama wa mtoto aliyeshiba.

Sanamu imedumu kwa sababu ya jumba lake. Mahekalu ya Emei yalijengwa kwa mbao, na moto umeyala mara nyingi. Mwaka 1600 mafundi wakaachana na mbao, wakamjengea tembo jumba la matofali matupu, mraba chini na kuba juu, bila boriti hata moja. Moto uliozuka Wannian mwaka 1946 uliteketeza majengo ya jirani. Jumba hilo likabaki.

Kutoka hapo ngazi za mawe hupanda hadi Xixiangchi, mahali ambapo, kwa masimulizi ya wahenga wa mlimani, Puxian alimwogesha tembo wake. Chunga mkoba wako: nyani wa huko wameshazoea kunyang'anya, na mwenye chakula mkononi ndiye wanayemwendea kwanza.

Juu kileleni, jua likiwa mgongoni na ukungu ukitanda bondeni, mtu huweza kuona kivuli chake mbele juu ya ukungu, kichwa kimezungukwa na pete za rangi za upinde wa mvua. Hutokana na mwanga unaorudishwa na matone madogo ya maji. Mkisimama wawili bega kwa bega, kila mmoja ataona pete hizo zikizunguka kichwa chake mwenyewe, si cha mwenzake. Zamani wapo mahujaji walioamini kwamba wanaitwa na Buddha, wakajirusha kutoka kwenye jabali lile. Leo pana vizuizi ukingoni.

Ukiwa na siku moja tu, acha kilele. Nenda Wannian asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajafika, umzunguke tembo yule taratibu.