Je, Wajua? Baruti kwa Kiasi

Je, wajua kwamba ile 12 kwenye "kalibre 12" haihesabu milimita wala sentimita? Inahesabu vidonge. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453 na ushei, uisubu iwe vidonge 12 vya mviringo vilivyo sawa. Upana wa kidonge kimoja ndio upana wa mtutu: milimita 18.5 hivi. Namba ikipanda, mtutu unapungua, ndiyo maana kalibre 16 ni nyembamba kuliko 12 na kalibre 20 ni nyembamba zaidi. Mwindaji wa hapa Kindu anayevuka mto Lualaba kutoka Alunguli kuja upande wa Kasuku, bunduki begani, amebeba kipimo cha mizani.

Na vile vikasha vya plastiki vya risasi zilizofyatuliwa, vinavyookotwa njiani katika misitu ya Afrika ya Kati? Vingi vimeandikwa MACC, kiwanda cha Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville.

Je, wajua kwamba risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Selsiasi? Moto wa kuni unatosha. Shaba inadai nyuzi 1,085, na hapo lazima uwe na mivukuto, makaa mazuri na fundi anayejua kazi. Hata hivyo Wayeke wa mfalme Msiri kule Bunkeya, Katanga, walikuwa na shaba tele na risasi haba, basi wakasubu risasi za shaba kwa ajili ya magobori yao. Shaba ni ngumu kuliko risasi, na ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba gramu 9 hivi. Kitu chepesi cha umbo lilelile hupoteza kasi mapema angani. Wayeke walitumia kilichokuwepo. Msiri mwenyewe aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa bastola ya ofisa Mbelgiji wa msafara wa Stairs.

Jina la Tippu Tip, mfanyabiashara aliyeitawala Kasongo, ni mlio wa bunduki. Yeye mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, alisimulia kwamba alipewa jina hilo na wenyeji walioiga sauti ya silaha zake. Wengine walisema ni kwa sababu alikuwa akipepesa macho. Mimi namwamini mwenye jina.

Je, wajua bunduki hizo zilitoka wapi? Majeshi ya Ulaya yalipoanza kununua bunduki zinazojazwa kwa nyuma, katika miaka ya 1860 na 1870, zile za kushindilia kwa mdeki zikawa mzigo ghalani. Zikauzwa. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia huko kila mwaka kwenda bara. Kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Nyangwe na Kasongo, juu ya vichwa vya wapagazi, pamoja na baruti na vipande vya risasi.

Kazi iliyofanywa na bunduki hizo haikuwa ya kuwinda tembo peke yake. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, siku ya gulio, umati umejaa, wengi wao wanawake. Akawaona watu wa misafara ya Waarabu wakiingia na bunduki, jambo lisilo la kawaida siku ya soko. Ugomvi ukazuka juu ya bei ya kuku. Risasi zikaanza. Waliokimbilia mitumbwi walizama nayo Lualaba, na waliojitosa mtoni walipigwa wakiwa majini. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Nyangwe iko juu ya mto kutoka Kindu, na maji yaliyopita pale gulioni ndiyo hayahaya yanayopita bandarini kwetu.

Je, wajua kwamba kuna mkataba wa kimataifa ulioruhusu gumegume na kukataza bunduki bora? Ni Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini mwa ikweta, silaha za kisasa na risasi zake zilipigwa marufuku, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Bunduki ya gumegume isiyo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ikaachiwa mlango. Kindu, iliyo karibu digrii 3 kusini, ilikuwa katikati kabisa ya ukanda huo. Mkataba ulipambwa kwa maneno ya kukomesha biashara ya watumwa, lakini uliwafaa pia wenye bunduki bora: mpinzani abaki na silaha ya kujaza kwa kusimama.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1893 askari wa Dola Huru ya Kongo chini ya ofisa Dhanis, wakiwa na bunduki za Albini zinazojazwa kwa nyuma, waliingia Nyangwe tarehe 4 Machi, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu, mwana wa Tippu Tip, alikuwa na watu wengi. Ila mwenye ganda la shaba ya manjano anajaza akiwa amelala chini, na mwenye mdeki hawezi: lazima amimine baruti, ashindilie, atie kidonge, ashindilie tena, aweke fataki, huku mwenzake amekwisha kufyatua mara kadhaa.

Swali la mwenye mdeki lilikuwa lilelile kila mara: baruti kiasi gani? Mwaga nyingi mno, mtutu unapasuka usoni. Mwaga kidogo, kidonge kinadondoka karibu. Tena zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki hewa. Inabaki kuwa moshi mzito na masizi, na masizi yanaubana mtutu kila mara unapofyatua. Kwa hiyo kile kilichokuwa kiasi sahihi asubuhi kinaweza kuwa kingi mno jioni kama mtutu haujaoshwa.

Baruti isiyotoa moshi ilipunguza sana masizi. Haikulifuta swali.

Je, wajua kwamba bastola ya kwanza iliyoitwa magnum ilizaliwa mwaka 1935 na ikaanza kwa matatizo ya risasi laini? Ni .357 Magnum ya Smith & Wesson, Marekani. Risasi yake ya gramu 10 ilitangazwa kutoka kwenye mtutu mrefu kwa mita 460 hivi kwa sekunde, kasi kubwa ajabu kwa silaha ya mkononi wakati huo. Lakini ilikuwa madini ya risasi matupu, bila koti la shaba. Mtutu ukawa unabaki na ukoko kama chungu cha wali, mkavu, umeshika ndani ya mifereji, na kila risasi iliyofuata ikipita juu yake ikakosa shabaha.

Watu wengi walidhani dawa ni kuifanya risasi iwe ngumu zaidi. Si hivyo, au si hivyo tu. Hewa ya moto inayotoka kwenye baruti ikipata upenyo kati ya risasi na ukuta wa mtutu, inachoma ubavu wa risasi na kuutapakaza. Upenyo huo unatokana kwanza na risasi iliyo nyembamba kidogo kuliko mtutu. Risasi laini kiasi, ikisukumwa kwa nguvu ya wastani, hutanuka kitakoni na kuziba nafasi. Ngumu mno haitanuki, kwa hiyo inaweza kuchafua mtutu zaidi ya ile laini! Wenye uzoefu hupima kwanza upana, kisha ndipo wanauliza ugumu.

Wengine huvalisha kitako cha risasi kikombe kidogo cha shaba kikinge moto. Na wengi hupaka mafuta: nta ya nyuki ikichanganywa na shahamu ni mapishi ya miaka mingi. Mafuta ya risasi si jambo dogo. Mwaka 1857 uvumi kwamba karatasi za risasi za bunduki ya Enfield zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe ulisaidia kuwasha uasi wa askari wa India.

Je, wajua kwamba ukiipunguza kasi ya risasi hiyo ya gramu 10 kutoka mita 460 hadi mita 300 kwa sekunde, nguvu yake hubaki asilimia 43 hivi tu? Nguvu hufuata mraba wa kasi. Ndiyo maana wanaojaza maganda kwa mkono huko Marekani, wakitumia risasi za kusubu, wengi hukaa kati ya mita 250 na 300. Mtutu haushiki ukoko, mkono hauumi, ganda moja linajazwa tena na tena, na karatasi ya shabaha haijui tofauti. Elmer Keith, mchunga ng'ombe wa Idaho aliyesukuma hadi ikazaliwa .44 Magnum mwaka 1955, alikuwa mpenzi wa risasi za kusubu na wa baruti nyingi. Katika miaka ya 1920 aliwahi kupasua silinda ya bastola yake ya .45 kwa kujaza kupita kiasi, akahamia .44.

Ajabu ni kwamba kidogo nacho kina hatari. Ganda la magnum lilitengenezwa libebe baruti nyingi. Kiasi cha wastani cha baruti ya kuwaka haraka kinalala chini kabisa ya ganda, na ukikosea ukajaza mara mbili, cha pili kinaingia bila kumwagika hata chembe. Kwa hiyo mjazaji makini hupanga maganda yake 50 katika ubao wenye matundu, kisha hupitisha tochi juu yake, tundu kwa tundu, akitazama kina cha baruti kabla ya kuweka risasi hata moja. Upande wa pili kuna baruti za kuwaka polepole ambazo hazikubali kupunguzwa: fataki inalia, baruti haishiki vizuri, risasi inakwama katikati ya mtutu. Asiyetambua akafyatua nyingine nyuma yake, mtutu unavimba au unapasuka. Vipimo vyenyewe sivitaji hapa. Viko katika majedwali ya watengenezaji baruti, na asiyekuwa na jedwali hana kazi na baruti.

Je, wajua kwa nini ganda la .357 ni refu kuliko la .38 Special kwa zaidi kidogo ya milimita 3, ilhali risasi zao zina upana uleule? Ili lisiingie katika bastola za zamani za .38, ambazo zingepasuka. Kinyume chake kinawezekana: .38 inaingia katika silinda ya .357, na kwa wengi hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata mlio wa wastani. Ila ukifyatua nyingi, pete ya masizi hujengeka ndani ya tundu la silinda pale ganda fupi linapoishia, na siku ukirudi kwenye ganda refu unashangaa haliingii. Brashi na subira.

Hapa kwetu Kongo-Kinshasa mchezo huo una mlango mwembamba. Sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inayosimamia silaha na risasi nchini. Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kufanya kazi tarehe 8 Machi 2017, unakwenda mbali zaidi: haukuishia kwenye bunduki ndogo na risasi zake, umetaja pia sehemu na vipande vyote vinavyoweza kutumika kuzitengeneza, kuzikarabati au kuziunga. Kitu anachonunua mstaafu wa Ohio dukani siku ya Jumamosi, kwetu kina faili.

Kuna hatari nyingine, ya sumu: sufuria iliyoyeyushia risasi isirudi jikoni, hata ikisuguliwa kwa mchanga. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, akilini. Nyama nayo: risasi laini ikigonga mfupa huacha chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, mbali na tundu lenyewe. Mama anayekata nyama ya porini sokoni Kindu akatupa sehemu iliyochafuka karibu na jeraha anafanya vema, na ingekuwa bora akate kipande kipana zaidi.

Na je, wajua kwamba Maniema yenyewe, jimbo letu hili, inatoa kinachoifanya risasi ya kusubu iwe nzuri? Ni bati, ninamaanisha madini, si paa la nyumba. Bati kidogo katika risasi iliyoyeyuka huifanya itiririke vizuri, ijaze kila kona ya kalibu na itoke ngumu kiasi. Wasubu risasi wa Marekani kwa muda mrefu walipenda kuokota herufi za mashine ya Linotype, ile iliyoanza kutumika katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886: risasi asilimia 84, antimoni 12, bati 4. Magazeti yalipohamia kompyuta, herufi hizo zikawa adimu. Bati la kwetu lilichimbwa Kalima na Symétain, iliyoundwa mwaka 1932, kisha Sominki kuanzia 1976, na leo wachimbaji wadogo wanaendelea kuchota kasiteriti kwa sepetu na karai. Lakini karibu nusu ya bati la dunia sasa huishia kwenye lehemu ya vifaa vya umeme. Uwezekano ni mkubwa kuliko zamani kwamba punje ya Kalima iko ndani ya simu yako, inashika waya wa spika.